Visu Viwili juu ya Mkeka

Zamani, kabla Serikali haijaichukua kampuni ya shaba, mfanyakazi aliyetumika miaka mingi alipewa kisu cha kukunja siku ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimba migodi. Mpini wake ulikuwa wa pembe, na juu ya pembe ulichongwa mnara wa mtakatifu. Ubapa ulikuwa wa chuma cheusi, kile kinachoshika kutu ukikisahau wiki moja bila mafuta. Serikali ilipoichukua kampuni, watakatifu walipumzishwa, na kisu kikaanza kutolewa siku ya chama tawala. Mpini ukawa wa plastiki nyekundu wenye alama ya mwenge, ubapa ukawa mweupe, hauogopi maji. Cha kwanza tulikiita Barbara, cha pili Mwenge.

Hapa Likasi, Jumapili baada ya Misa, wanaume walisimama nje ya kanisa na visu mkononi wakibishana. Wenye Barbara walisema Mwenge ni mchezo wa watoto, springi yake inalegea kabla ya mwaka. Wenye Mwenge walisema Barbara ni kama mke mzee, bila kupakwa mafuta kila siku ananuna. Wengi hawakukata kitu navyo. Walivifunga ndani ya kitambaa na kuvitoa ili vionekane, basi.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na katekista, nimelelewa na mapadri wa misheni ya Kapolowe, nao Mungu awape mapumziko. Kwa kuwa sikuwa mtu wa kampuni, sikuwa na haki ya kisu. Kwa hiyo nilivitafuta kwa wastaafu na kwa wajane. Nilikuwa na Mwenge tatu ndani ya kopo la biskuti: moja ya mwaka wa kwanza, yenye pete ya chuma kwenye mpini, na mbili za baadaye zisizo na pete. Niliweza kutambua kisu cha mwaka gani kwa kukifunga tu na kusikiliza mlio wake. Barbara sikuwa nayo.

Kaka yangu alikuwa nayo. Yeye alikuwa fundi wa nyaya kiwandani, na alitumika chini ya wakubwa wa zamani na wa sasa, kwa hiyo alipewa vyote viwili. Kila Jumapili alinipa Barbara niishike. Nilipomwomba aniachie, alicheka na kusema, "Ungoje nikufe, mudogo yangu." Nilicheka pia.

Alikufa mwanzoni mwa mvua, kwa homa ya siku sita. Aliacha mke, binti wa miaka kumi na miwili, mvulana wa miaka saba, na mtoto wa kike aliyekuwa bado ananyonya. Sisi tuliozaliwa wanaume kwa baba yetu tulikuwa wawili tu, kwa hiyo nilibaki mimi peke yangu.

Katika ukoo wetu, siku ya kumaliza matanga, hutandikwa mkeka uani na kuwekwa juu yake chombo ambacho marehemu alifanyia kazi. Ndugu yake akikiokota, amempyana: anashika jina lake na mahali pake, na watoto wanakuwa wake. Chombo kikibaki mkekani mpaka mkeka ukunjwe, marehemu hana mtu, na ukoo unagawana watoto kama unavyogawana sufuria. Vitu ambavyo marehemu alivitunza tu, bila kuvifanyia kazi, havimfungi mtu, ni ukumbusho.

Kwa mkulima, chombo ni jembe. Kwa mvuvi, ni kasia. Lakini kaka yangu alikuwa mtu wa kiwanda, na koleo zake na bisibisi zake zilikuwa za kampuni. Zilirudishwa ghalani hata kabla hatujamzika. Kitu chake mwenyewe alichokwenda nacho kazini kilikuwa kisu. Shangazi yetu, dada ya baba, aliyekuja na watu wake kutoka ziwa Tshangalele, aliona visu viwili na hakujua ni kipi. Akasema viwekwe vyote.

Padri alikuwa ameniita siku mbili kabla. Alinieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto, kwamba siwezi kumrithi mke, maana ninaye wangu kwa sakramenti, lakini kushika jina na kuwalea watoto ni kazi ya huruma, na hakuna katazo lolote. Mke wangu alikuwa amekwisha kuhamisha magunia ya mahindi pembeni ili mikeka ya watoto ienee. Sikuwaambia, yeye wala padri, nililokuwa nalo moyoni. Nilikuwa na watoto watano katika vyumba viwili. Ningeweza kusema ilikuwa sababu hiyo, lakini sababu ilikuwa moja: sikutaka.

Nilipanga jambo langu njiani, rozari ikiwa mkononi. Miaka yote nilikuwa nimeiona Barbara kwenye mkanda wa kaka yangu, kwa hiyo nilijua ndiyo ya kazi. Niliitamani kuliko kitu chochote duniani, lakini kuiokota kulikuwa kuokota watoto watatu. Basi ningeokota Mwenge, kama ukumbusho, na kuiacha Barbara pale. Shangazi angeondoka nayo, na baadaye, polepole, ningeiomba. Nina subira, watu wote wananisifu kwa subira.

Ilikuwa asubuhi yenye jua. Watu walikaa kuuzunguka mkeka, mjane kwenye ardhi karibu na mlango, mtoto mchanga kifuani, wale wakubwa wawili nyuma yake. Binti alikuwa amemshika mdogo wake wa kiume kwa kola ya shati. Shangazi aliniita kwa jina la baba yetu. Nilivua viatu, nikafanya ishara ya msalaba, nikainama, nikaokota Mwenge.

Watu walinung'unika. Shangazi akamgeukia mjane, akamuuliza mume wake alikuwa anatumika na kisu gani. Alimuuliza kwa dharau, kama mtu anayetaka tu kufunga mlango.

Shemeji yangu hakuinua sauti. Alikuwa mtu wa Kasai, mkoa wa mbali, na katika siku zote za matanga hakuna aliyekuwa amemuuliza neno.

"Na hiyo ya nyekundu, mama. Ni miaka mitatu. Hii ya pembe aliiacha, alisema ni ya mudogo yake, asiiharibu."

Kila mtu alinitazama. Uso wa binti ulifunguka, akamwachia mdogo wake kola.

Nami nilikuwa nimekwisha kujua, kwa sababu kidole changu gumba kilikuwa juu ya ubapa. Mimi nilivijua visu hivyo kuliko mtu yeyote pale. Ubapa ulikuwa umeliwa na jiwe la kunolea mpaka umekuwa mwembamba katikati, na kwenye msumari wa kukunjia kulikuwa na kutu ya kijani, ile inayotoka kwenye nyaya za shaba. Nilitazama Barbara pale chini. Iling'aa kwa mafuta. Kaka yangu alikuwa akiipaka mafuta kwa ajili yangu.

Nilichofanya kilichukua muda wa kupumua mara moja. Niliinama tena, nikairudisha Mwenge mkekani, nikaiokota Barbara.

"Kama ni hivyo, nilikosea," nilisema. "Hii njo aliniachia. Ile nyingine siwezi kukamata. Miye ni katekista. Padri anakataza mambo ya kupyana."

Shemeji yangu alimpakata mtoto vizuri. "Padri alikuya kwangu pia, shemeji," alisema.

Alijua, basi, kwamba padri hakukataza. Shangazi aliniokoa. Alimwambia anyamaze, kwamba mwanamke wa kigeni hafundishi ukoo wa wenyewe mambo ya padri wao. Alisema, "Weye ulikuya na treni, utarudia na treni." Baadhi ya wanawake walicheka. Nilisimama na kisu mfukoni, nikiona aibu na furaha pamoja. Na ninasema ukweli mbele ya Mungu, furaha ilikuwa kubwa zaidi.

Mkeka ulikunjwa. Watu wa shangazi waliingia ndani ya nyumba na kutoa kinu, cherehani, redio, vitenge vilivyokuwa ndani ya sanduku, na mwishoni walimvua mjane kile alichojifunga juu ya gauni, wakisema kilinunuliwa na mkono wa ndugu yao. Hata pazia walilishusha. Mimi ni mtu mpole. Niliwaomba wafanye taratibu.

Binti alipewa shangazi, aende ziwani kupasua na kukausha samaki. Mvulana alipewa binamu wa baba yetu, mkulima karibu na Kapolowe. Mtoto mchanga aliachiwa mama yake, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na maziwa. Mvulana alipoona anashikwa mkono na mtu asiyemjua, alinikimbilia mimi, kwa sababu nilikuwa mwalimu wake darasani, akanishika suruali. Nilimfungua vidole kimoja kimoja. Nilimwambia awe mtoto mwema na asisahau sala za asubuhi.

Mwenge ilikuwa bado chini, imeviringika kutoka kwenye mkeka. Shangazi aliisukuma kwa mguu kwa binti. "Kamata. Utapasulia samaki."

Mjane nilimsindikiza stesheni. Sikutumwa na mtu. Niliona ni wajibu wa Mkristo. Nilimbebea furushi lake, dogo, na nikamwahidi kumkumbuka kila siku katika sala zangu. Alipokea furushi dirishani na kumgeuza mtoto uso, asinione. Hatukupata habari zao tena, mpaka leo.

Mvulana alikufa kabla mwaka haujaisha. Alihara siku tatu, na zahanati ilikuwa mbali. Kutoka nyumbani kwangu mpaka hospitali, mtoto anatembea kwa miguu bila kuchoka. Nilikwenda Kapolowe kwa mazishi, nami ndiye niliyeongoza rozari.

Niliungama. Padri, upande wa pili wa kitundu, alinipa kitubio, nami nilikitimiza chote. Niliungama ubinafsi, niliungama uongo juu ya padri. Kidole changu gumba sikukitaja. Sikutaja kwamba kabla ya kuirudisha Mwenge nilijua kwa hakika ndiyo ya kazi.

Miaka mingi ilipita, na mitambo ikaanza kunyamaza mmoja baada ya mwingine. Asubuhi moja, mwanamke aliegemeza baiskeli kwenye ukuta wangu, ikiwa na kikapu cha samaki nyuma. Alikuwa na uso wa kaka yangu, kwa hiyo sikuuliza. Mke wangu alimkumbatia na kulia. Binti mwenyewe hakulia. Aliketi, akauliza habari za afya yangu, akasema amesikia ninayo bado Barbara. Aliomba kuiona.

Nilileta kopo la biskuti. Nilifungua kitambaa. Yeye naye alitoa Mwenge kiunoni, akaiweka kando yake juu ya meza. Plastiki ilikuwa imepasuka, imefungwa kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Ubapa ulikuwa umebaki mwembamba kama jani la nyasi.

"Baba mudogo," alisema, "sasa uchague."

Sikufikiri. Nilinyoosha mkono kwenye Mwenge. Namshukuru Mungu kwamba angalau mara hiyo mkono haukusita. Lakini kiganja chake kilikuwa kimekwisha kuifunika.

"Hapana. Hii iko na mwenyewe."

Aliokota Barbara badala yake. Aliifungua, ikatoa mlio wake mzuri, akapitisha kidole gumba kwenye makali, taratibu, kama nilivyofanya mimi siku ile. Alijaribu kukata utepe uliokuwa umening'inia kwenye mpini wa Mwenge. Ubapa uliteleza.

"Haikati," alisema, bila kejeli, akanirudishia.

Ni kweli. Sikuwahi kuinoa, kwa kuogopa kuipunguzia thamani. Alichagua samaki wawili kwenye kikapu, akawapasua kwa kisu cha baba yake kwenye kizingiti cha mlango wangu, akamkabidhi mke wangu, akapanda baiskeli. Hakungoja chakula. Mchana tuliwala wale samaki, na mimi ndiye niliyebariki meza, kama kawaida.