Ukingo wa Boneti

Siku yangu ya kwanza katika gereji moja mjini Kericho, nikiwa na diploma ya chuo cha ufundi ndani ya bahasha, Meneja alinikabidhi kwa Kiprono, fundi wa kung'arisha rangi ya magari. Kiprono hakuitazama bahasha. Alitazama vidole vyangu.

"Wanjiru, kata hizo kucha. Na wiki hii usishike mashine. Shika magari, uyajue."

Nikayajua. Mikwaruzo ya huku huletwa na vumbi jekundu, ambalo wenye magari hulipangusa kwa kitambaa kikavu, na matawi ya michai yanayoparuza milango katika njia za mashambani. Tuliiondoa kwa kusaga klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi, kwa pedi ya manyoya na dawa ya kusugua. Mashine hulazwa bapa, haitui mahali pamoja, na joto hupimwa kwa mgongo wa mkono. Penye kingo klia ni nyembamba, hivyo hufunikwa kwa tepu kwanza.

"Ukingo hausamehe," Kiprono alizoea kusema.

Mwaka wa pili, mwalimu mmoja alileta gari jeusi la kumpeleka Siongiroi kwenye koito, sherehe ya kupatana mahari. Kiprono aliniachia boneti. Nilijiamini kupita kiasi; sikufunga tepu. Harufu ilinifikia kabla ya macho kuona: ukingo ulikuwa umeungua, umebaki weupe wa upana wa kidole. Niliupaka nta nyeusi, nikanyamaza.

Jua la Siongiroi liliiyeyusha nta mbele ya wakwe. Jumatatu mwalimu alirudi.

"Shemeji zangu wanauliza kama gari langu limeanza kuota mvi."

Meneja akatuita sote wawili. "Nani alifanya hii boneti?"

Kiprono alinitazama, muda wa kutosha mimi kusema. Sikusema.

"Mashine ni yangu, bosi," akajibu.

Alifutwa kazi kabla ya chakula cha mchana, akarudi kwao Fort Ternan. Nafasi yake nilipewa mimi, nikaishikilia hadi mwaka huu, ganzi ya viganja iliponistaafisha mapema. Vijana niliowafunza waliniaga kwa keki, wakanisifu kwamba sijawahi kuchoma ukingo. Keki niliila.

Wiki iliyofuata nilikwenda Fort Ternan kuungama. Tulikunywa chai, tukazungumzia mvua, miwa na wajukuu wake. Neno nililolibeba halikutoka. Aliponisindikiza hadi kwenye gari langu, alipitisha mgongo wa mkono polepole kwenye ukingo wa boneti.

"Hapa ulifunga tepu?"

"Nilifunga."

"Sawa," akasema, akanifungulia mlango.

Nyinyi mlionikatia keki, niliwafundisha kila kitu isipokuwa hiki: boneti ile niliichoma mimi.