Shingo Yangu Kwenye Mkeka wa Matanga

Tarehe nne ya mwezi wa tano nilimpoteza mume wangu. Aliugua homa siku sita, ya saba tukamzika hapa Lweba. Siku ileile shingo yangu ilikataa kugeuka, lakini sikumwambia mtu. Nani anasikiliza shingo ya mjane?

Kwa ukoo wa mume wangu, mjane huketi kwenye mkeka siku arobaini, kichwa chini, hatazami mtu usoni. Niliketi. Maumivu yalitoka kisogoni yakashuka mpaka bega la kushoto, usingizi ukakimbia. Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, alisema kaka yake ndiye ananikaba, kwa sababu sikumlilia vya kutosha. Kweli sikulia kwa sauti. Siwezi.

Wiki ya tatu nilipanda pikipiki nikaenda hospitali Nundu bila kuaga. Mama wa kine, yule anayetibu viungo kwa mikono na mazoezi, aliniuliza kama vidole vinakufa ganzi, akanipa vidole vyake viwili nivibane. Nilivibana mpaka akacheka. Alinieleza kwamba miaka yote ya kubeba kikapu cha muhogo mgongoni, kamba ikivuta paji la uso, ilikuwa imekaza misuli ya shingo, na sasa kuinama kutwa nzima kumeikaza zaidi. Sindano sikupewa. Nilipewa kazi: kitambaa cha maji ya moto, kisha kurudisha kidevu nyuma, kutazama bega moja, halafu la pili, polepole, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Ikiuma kidogo, niendelee. Mkono ukianza kufa ganzi, nirudi kwake mbio.

Asubuhi ya kwanza nilifanyia nyuma ya choo. Nikaona haya kwa kujificha kwangu. Mchana nikafanyia palepale kwenye mkeka, mbele ya bamama waliokuja kutupa pole.

"Mjane gani anainua kidevu hivi?" wifi akauliza. "Uko natafuta nani barabarani?"

"Natafuta shingo yangu, wifi. Kaka yako hakuondoka nayo."

Wengine waliziba midomo kwa kanga. Wifi akasema nikiendelea, matanga yangu hayatahesabiwa, na shamba la muhogo litarudi kwa ukoo. Niliogopa. Shamba lile ndilo linatulisha. Lakini bila shingo, muhogo nitautoa shambani na nini? Nikageuka kushoto tena. Mara ya nne, ya tano.

Mama mkwe alikuwa ameketi kando ya ukuta. Tuliyemzika ni mwanawe, na neno lake ndilo la mwisho katika nyumba ile. Kichwa chake kimeinama tangu nimfahamu, na kamba imemwachia mfereji kwenye paji la uso. Alinitazama mpaka nikamaliza kumi.

"Shamba ni lake," akamwambia wifi. "Mwanangu alioa muntu. Anayefungwa shingo ni mbuzi."

Akamtuma wifi kuchemsha maji. Kitambaa kilipoletwa nilinyoosha mkono. Mama mkwe akakipokea yeye, akakikamua, akajiwekea kisogoni, akafumba macho.