Chini ya Mlima, Chini ya Mkeka

Kwamboka aliolewa Kenyenya, kwenye mashamba yaliyogawiwa wana wa kiume kizazi baada ya kizazi, hata migomba ya ndugu wawili ikagawana kivuli kimoja. Basi mwaka wa 1999 hakuishangaa kompyuta mpya ya Jitendra, mwenye duka la uchapaji mjini Kisii alikofanya kazi. Viral, mwanawe Jitendra, aliiwekea programu ngeni kabla hajarudi chuoni Nairobi. Dirisha jipya likifunguliwa, mengine yalisogea, kila moja likapata kipande chake, na hakuna lililolalia jingine.

Kilichosumbua ni kidude kidogo cha kwenye skrini, cha kuonyesha kama karatasi zinapita salama kwenye printa ya chumba cha nyuma. Nacho kilidai urithi, kikapewa nusu ya skrini. Kwamboka alisoma maelezo ya programu peke yake mpaka akapata mstari wa amri wa kukinyima shamba. Kikatoka kwenye mgao, ila sasa kikaelea juu ya madirisha na kuziba maneno.

Akampigia Viral simu.

"Kiweke chini," Viral akasema, na laini ikakatika.

Akakivuta hadi ukingo wa chini wa skrini. Huko kikafunika mstari wa mwisho wa kadi ya harusi ya mteja mmoja, Drusilla. Kosa halikuonekana, na kanisa la Nyanchwa likachapwa "Nyachwa".

"Mama, kitu yako imekula kanisa ya watu," Jitendra akasema. "Bibi harusi anarudi kesho. Ikiharibika tena, mimi narudisha mashine ya zamani."

"Haijaliwa, bosi. Imekaliwa."

Alitania tu. Mashine ya zamani alifundishwa na watu. Hii alijifunza mwenyewe, na hakutaka kuiona ikibebwa kutoka mezani pake.

Akapiga simu tena. "Viral, ulisema chini. Ni chini ya mlima au chini ya mkeka?"

Viral akacheka. "Ya mkeka, auntie. Madirisha yote yawe juu yake."

"Na kikiwa chini ya mkeka nitakionaje?"

Kabla Viral hajajibu, jibu lilikuwa limemfikia Kwamboka. Kati ya shamba na shamba huachwa njia ambayo halimi mtu. Akaiamuru programu iache ukanda mwembamba upande wa kulia, dirisha lolote lisipandwe hapo, na kidude akakilaza humo, chini ya yote. Dirisha likipotea njia, lingekifunika chenyewe, lisifunikwe nacho.

Kesho yake Drusilla aliisoma kadi mpya kwa kidole, herufi kwa herufi, mpaka Nyanchwa. Akaikunja taratibu, akatabasamu.

Mteja aliyefuata alipomwekea Jitendra karatasi zake mkononi, alizirudisha.

"Mpe huyu mama," akasema. "Hii mashine ni yake."