Wa Mwisho Kutoka Barafuni

Ukiwa na mtoto anayecheza hoki ya barafu, na ukiwa mkazi wa Wexley, Saskatchewan, kila Septemba una maswali mawili: mtoto acheze daraja gani, na Darla Pidskalny anasemaje. La kwanza unaweza kumuuliza kocha. Lakini kocha naye ana mwanawe kwenye timu, na mwaka ujao huenda hayupo. Darla amekaa juu ya mashine ya barafu miaka kumi na tisa. Kila watoto wanapomaliza kuuchanachana uwanja kwa viatu vyao vya makali ya chuma, yeye huingia na lile limashine lake, akaiparua barafu na kuimwagia maji ya moto yagande upya. Amewaona wote wakianguka, na amewaona wote wakiinuka.

Madaraja ni matatu. A Tatu ndilo la juu, la watoto wanaozunguka nusu ya mkoa kila wiki. A Mbili ni la kati. A Moja ni la hapa hapa nyumbani, ambako kocha msaidizi ndiye huyo huyo anayekaanga chipsi kantini. Hapo ndipo wazazi wanapoingiwa na wazimu. Mtu mzima na akili zake, anayenunua trekta bila kupepesa jicho, utamkuta analia ndani ya gari kwa sababu mwanawe wa miaka kumi na moja kawekwa A Mbili. Msinibishie, nimewaona.

Darla hakuwa na makaratasi ya alama wala saa ya kupimia kasi. Kipimo chake kilikuwa kimoja.

"Honi ikilia, muda umekwisha, mimi nafungua lango," alikuwa akisema. "Mtoto ambaye nusura nimkanyage kwa sababu hataki kutoka, huyo yuko mahali pake. Aliyeshafika mlangoni kabla honi haijanyamaza, huyo mpandishe au mshushe, lakini pale mtoe."

Wengi walimsikiliza. Daktari Halvorsen, yule wa meno, yeye alitaka ubishi. Mwaka juzi alimfuata kantini, kikombe cha kahawa mkononi, kifua mbele.

"Colby wangu sasa ni wa A Tatu," alisema. "Ana kasi, Darla. Umeiona kasi yake?"

"Nimeiona. Hasa akielekea chumba cha kubadilishia nguo."

Kantini nzima ilicheka, mmoja akapaliwa na chipsi.

"Una maana gani?"

"Nina maana mtoto yuko A Mbili na kila siku ndiye wa kwanza kutoka. Leo unataka kumpeleka A Tatu, si atatokea dirishani? Mlete A Moja, Daktari, acheze na wenzake."

"Nimekaa chuo kikuu miaka minane! Sifundishwi kulea na dereva wa mashine!"

"Haya basi. Kiambie hicho chuo kikuu kije kimtoe Colby chini ya benchi, maana juzi alijificha huko."

Daktari alinuna wiki tatu, salamu hakuna. Mkewe ndiye aliyemshusha mtoto bila kuuliza mtu. Majira yale ya baridi Colby alikuwa haondoki barafuni mpaka Darla amsogeze taratibu na pua ya mashine, kama mtu anayemswaga ndama barabarani. Tangu hapo maneno ya Darla yakawa sheria, na Darla mwenyewe, tusifichane, kichwa kikamvimba kidogo.

Sasa huyo Darla alikuwa na binti, Jorie, miaka kumi na miwili, kipa. Makipa mnawajua, hakuna aliye sawasawa. Huyu alikuwa akizungumza na miti ya goli. Wa kushoto aliuita Mjomba Stan, wa kulia Mjomba Orest. Kabla ya kila mchezo aliwagonga kwa fimbo yake na kuwaamkia. Kisahani, kile cheusi wanachokipiga badala ya mpira, kikigonga mti na kurudi uwanjani, alimshukuru mjomba aliyehusika, kwa sauti, watu wakisikia. Mchezo ukiisha hakutoka mpaka amewaaga wote wawili. Mara nyingi alikuwa akiwasimulia mchezo mzima, utadhani wajomba wenyewe hawakuwapo. Mama yake juu ya mashine anapiga honi, "Jorie! Toka, mwanangu, nina kazi!" na Jorie anajibu, "Subiri, Orest ana neno!"

Agosti ikaja habari. Kocha mmoja wa mjini, wa timu ya wasichana ya A Tatu huko Saskatoon, alimwona Jorie kwenye mashindano ya kiangazi, akamwita kwenye majaribio. Majaribio siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili, orodha kubandikwa Jumapili jioni kwenye mlango wa kioo. Na hapo, jamani, ndipo mwanamke mwenye akili zake alipofanya jambo ambalo Wexley hata mtoto wa chekechea halifanyi. Aliagiza jaketi kabla ya orodha.

Jaketi la timu haliagizwi kabla ya orodha. Halitajwi hata kwa utani. Darla aliagiza Ijumaa ile ile, tena mawili: moja la Jorie, lenye jina, namba 31 na zile A tatu begani, la pili lake mwenyewe, mgongoni limeandikwa MAMA WA KIPA. Mumewe, Wes, alikuwa shambani akivuna. Aliposikia alizima mashine ya kuvunia akashuka.

"Darla," alisema, "unachokoza nuksi."

"Nuksi ni ya wasiojua hoki," alijibu Darla.

Jumapili jina la Jorie lilikuwamo. Darla aliisoma orodha mara nne, akalia mbele ya watu asiowajua. Majaketi yalipofika, aliliingiza lake kantini ya Wexley kabla yeye mwenyewe hajaingia. Watu wakampongeza, wakamsifu, wakamvika kilemba cha ukoka naye akakivaa. Jorie alikaa pembeni na sahani ya piroji, zile kama sambusa za viazi za kuchemshwa, akatabasamu kila alipotazamwa.

Basi ikaanza safari. Saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, mara tatu kwa wiki, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Darla alibadilishana zamu za mashine na kijana mmoja mzembe aliyeacha mabonde barafuni, lakini hakujali. Mjini, Jorie akiwa uwanjani, Darla alikaa kantini ya juu na wazazi wengine, jaketi mgongoni, akinywa kahawa na kueleza barafu nzuri inavyotengenezwa. Walimsikiliza kwa heshima.

Mwisho wa Septemba Jorie akaanza kuumwa tumbo. Jumanne tumbo, Alhamisi tumbo, Jumapili mzima kama kigongo. Darla akatia lawama piroji za mama mkwe. Mama mkwe akasusa, akaapa hatawapikia tena mpaka Krismasi.

"Piroji zile zile na mimi nazila," alisema Wes. "Mbona tumbo langu halina ratiba?"

"Ni daraja jipya, Wes. Lazima azoee."

Huku nyumbani timu ya A Moja aliyoiacha Jorie, ya wavulana na wasichana pamoja, ilibaki bila kipa. Colby wa Daktari ndiye aliyevishwa mapedi ya kipa, na kila kisahani kilipokuja alifumba macho. Walifungwa kumi na moja kwa mbili. Usiku ule Daktari Halvorsen alimkuta Darla akiifuta mashine.

"Jorie anaendeleaje huko?"

"Vizuri mno."

"Hutoka wa ngapi?"

Kitambaa kikasimama mkononi mwa Darla. "Kule simo kwenye mashine, Daktari. Niko kantini."

"Aa," alisema Daktari. Alikuwa amelingoja neno hili miaka miwili, lakini alilitamka polepole, bila kucheka. "Mganga hajigangi."

"Nenda kamfundishe mwanao kufumbua macho!" alifoka Darla, akaendelea kufuta mahali pale pale alipokwisha kufuta.

Mwisho wa kuhama timu ulikuwa siku ya mwisho ya Oktoba. Baada ya hapo majina yanafungwa. Mtoto alipo ndipo alipo mpaka majira ya baridi yaishe. Jumamosi moja, siku tano kabla ya tarehe hiyo, Darla alikuwa kantini ya mjini na kahawa yake ya pili wakati meneja wa uwanja alipopanda ngazi mbio.

"Samahanini, wazazi. Dereva wetu wa mashine mgongo umemkaza, hawezi hata kuketi. Timu ya wanaume inaingia baada ya hawa. Kuna yeyote humu anayejua kuiendesha?"

Hakumaliza. Darla alishafika chini.

Mashine ilikuwa mpya, ina kiti laini na vitufe vingi, lakini mashine ni mashine. Darla alipanda, akaiwasha, akakaa nyuma ya lango akitazama uwanja kupitia kioo kilichokwaruzwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuutazama uwanja ule kutoka mahali pake pa kazi. Wasichana walikuwa wepesi ajabu. Jorie naye alidaka vizuri, hakuna wa kusema vinginevyo. Alisimama golini wima, kimya, mdomo umefungwa. Kisahani kimoja kiligonga mti wa kulia kwa kishindo na kurudi uwanjani. Darla alingoja kusikia Orest akishukuriwa, asisikie kitu.

Honi ikalia.

Ngoja niwaambie jambo kuhusu makipa. Mapedi ya miguuni ni kama magodoro mawili. Kipa anatembea kama bata aliyeshiba, na popote duniani yeye ndiye wa mwisho kutoka, atake asitake. Darla alitia mkono kwenye gia na kulisukuma lango. Wachezaji wengine walikuwa bado wanakusanya visahani, wanasukumana, wanacheka, na mmoja alirudi kupiga shuti la mwisho. Na katikati yao, anapepesuka, anavuta pumzi, fimbo kwapani, kofia ya chuma imeshavuliwa, alipita kipa namba 31 kwa mbio zake zote. Alikuwa wa kwanza mlangoni kabla honi haijanyamaza.

Darla aliitengeneza barafu ile yote. Meneja alisema hajapata kuiona laini vile. Darla hakumsikia.

Gari liliuacha mji nyuma, mashamba yakaanza.

"Umetoka wa kwanza leo," alisema Darla.

"Kweli?"

"Jorie. Na mapedi yale?"

Mtoto aligeuzia uso dirishani. "Kila siku huwa wa kwanza. Wewe ulikuwa juu unakunywa kahawa."

Neno lile lilimchoma Darla pabaya. Alisimamisha gari kando ya barabara. Aliona aibu, aibu ya kweli. Miaka kumi na tisa anawasomea watu watoto wao, wake hakumsoma.

"Kuna anayekuonea?"

"Hapana. Wote wazuri. Kocha naye mzuri. Alisema tu kipa wa A Tatu haongei na vyuma, eti inampotezea umakini. Nikaacha. Na kweli nadaka zaidi." Jorie alivuta kamasi. "Lakini tangu niache, nikikaa golini naona kama nasubiri basi."

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Ningekuambiaje? Jaketi limeshaandikwa."

Darla aliegemea usukani akalia, kisha akaanza kucheka hapo hapo, machozi hayajakauka, mpaka Jorie naye akacheka kwa kuogopa.

"Unataka kurudi nyumbani? Niambie wewe, si mimi. Ukitaka kubaki nitakuleta mpaka magurudumu yang'oke."

"Nataka kurudi. Lakini watasema nimeshindwa."

"Watasema, tena sana. Hao majira ya baridi hawana kazi nyingine. Na mimi watanisema zaidi, maana mimi ndiye niliyewasema wao."

"Na majaketi?"

"Langu nitalivaa nikilisha ng'ombe. Lako kaa nalo. Ukifika miaka kumi na tano ukataka tena, litakuwa limekutosha."

Jumatatu Darla alikwenda mwenyewe kusaini karatasi, akamshukuru kocha. Kocha alisikitika kwa moyo, akasema mlango uko wazi. Kisha Darla akaingia kantini ya Wexley kwa miguu yake, akasimama katikati, akasema, "Haya, semeni sasa, nina nusu saa." Wakasema. Hawakumbakizia kitu. Mmoja alimuuliza kama MAMA WA KIPA anauza jaketi, mwingine akataka kujua mashine ya mjini ina kiti cha kukalia malkia. Darla aliyameza yote, akalipia kahawa yake, akatoka. Daktari Halvorsen alikuwapo. Yeye peke yake hakusema neno.

Jumatano ilikuwa zoezi la kwanza la Jorie nyumbani. Colby alimkabidhi goli kwa kumkumbatia, jambo ambalo mvulana wa miaka kumi na miwili halifanyi hadharani bila sababu nzito. Saa mbili kasoro robo honi ikalia. Mlangoni timu ya wazee ilikuwa imeshajipanga, vitambi mbele, fimbo mkononi, Daktari Halvorsen mbele yao, maana muda wao wa barafu ulikuwa umefika. Watoto walitoka mmoja mmoja, mpaka Colby naye akatoka.

Uwanjani akabaki mmoja. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mti wa kushoto, kofia kaisukuma utosini, anasimulia kwa mikono miwili. Mambo ya wiki saba si mafupi. Baadaye akajikokota mpaka mti wa kulia, akaanza upya tangu mwanzo, kwa sababu Orest hapendi kusikia habari kwa watu.

"Darla!" mzee mmoja alipiga kelele. "Barafu, mama! Saa zinakwenda!"

Miaka kumi na tisa Darla Pidskalny hakuwahi kuchelewesha barafu hata dakika moja, si kwa harusi, si kwa msiba. Alizima mashine, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

"Imekataa kuwaka," alisema.

Daktari Halvorsen alikuja akaitazama mashine. Akautazama mfuko wa Darla, kisha goli la mbali, ambako mtoto alikuwa bado anazungumza na chuma na kucheka peke yake.

"Kweli kabisa," aliwaambia wenzake. "Imekufa hii. Kaeni, jamani."

Akaketi kwenye benchi, akafungua kamba za viatu vyake na kuanza kuzifunga upya, taratibu, kutoka chini.