Madam alisema "loweka", mimi nikaloweka kama maharagwe: vile nilikaribia kuua orchid ya marehemu mama yake

Niaje wakuu. Wenye vyeti vya kilimo mnisamehe mapema. Hii ilinifanyikia mimi mwenyewe. Nikiongeza chumvi ni ya ladha tu, mboga ni ya ukweli.

Kwanza mnijue. Form four nilimaliza darasa la jioni, nikiwa na ndevu kushinda mwalimu wa hesabu. Agriculture nikapata B plain. Hiyo B nimeitangaza town nzima. Pale ofisini nilipo messenger, hata watchman ananiita Daktari.

So bosi wetu, Madam Mutheu, alipopata safari ya kazi ya wiki tatu na kuuliza nani anajua mimea, mkono wangu ulikuwa juu kabla amalize swali.

Mmea wenyewe ulikuwa mmoja. Orchid ya maua meupe, kwa dirisha lake. Aliachiwa na mama yake, ambaye sasa ni marehemu. Aliniambia hivyo polepole, ameshika jani moja kama mtu anashika mkono wa mgonjwa.

"Daktari, kila Ijumaa unailoweka, basi. Usiifanyie kitu kingine."

Niulize inalowekwa muda gani? Mtu wa B plain?

Wakuu, kwetu Kangemi maharagwe yanalowekwa jioni, yanaamka kwa maji. Jeans ya fundi inaingia Jumamosi, inatoka Jumatatu. So Ijumaa nikaizamisha orchid kwa ndoo mpaka shingo, nikafunga ofisi, nikaenda weekend. Jumatatu nikaitoa. Ijumaa iliyofuata, tena.

Majani yakaanza kuwa njano. Nikafanya diagnosis: njaa.

Nikachungulia pot. Udongo hakuna hata punje, ni vipande vya maganda ya mti tu. Nikasema huyu mtoto wa watu amepandwa kwa takataka. Nikaendea udongo mwekundu kwa binamu yangu kule Kabiria, nikachanganya na mbolea ya ng'ombe, nikajaza. Kuna mizizi ilikuwa inaning'inia nje kama miguu ya mtu mrefu kwa kitanda kifupi. Hiyo pia nikazika, nikashindilia na kidole gumba.

Siku tatu, maua yote chini. Pot ikaanza kunuka mtaro.

Hapo ndipo B plain ilinitoka mwilini. Ua la bosi unaweza kununua lingine. Ua la marehemu unanunua wapi?

Nikaibeba mpaka kwa Mama Naliaka, anayeuza miche kando ya barabara hapa Kangemi. Salamu yangu hakuitikia. Alinusa pot, akaniangalia, akanusa tena.

"Baba, hii uliipanda ama uliizika?"

Nikaanza kueleza B yangu. Akanikatiza.

"Huyu anakaa juu ya miti. Mizizi yake inapumua. Wewe umempanda kama skuma."

Akavuta mzizi mmoja, ngozi ikatoka yote kama soksi, ikabaki uzi. Umeoza huo. Mzima ni mgumu ukiubonyeza. Akapitisha makasi kwa moto, akakata mibovu yote, vidonda akapaka mdalasini, ule ule wa chai. Nilihesabu iliyobaki mara nne nikitumaini nimekosea. Mitatu.

Akaipanda upya kwa pot ya plastiki inayoonyesha ndani, mashimo chini, maganda ya mti na vipande vya makaa. Akaniagiza: wiki moja bila maji. Baada ya hapo, mzizi ukiwa kijani ameshiba, usimguse. Ukigeuka rangi ya fedha, ndio uloweke. Dakika kumi, halafu maji yachuruzike yote.

Dakika kumi, wakuu. Mimi nilikuwa nimempa siku tatu.

Madam aliporudi nilikuwa na hotuba tayari, iko na climate change ndani. Lakini nilipoona mkono wake unatafuta lile jani, hotuba ikapotea. Nikasema yote, hata mbolea.

Alilipata jani, akalishika. Akainua pot kwa mwanga wa dirisha, akahesabu kupitia plastiki.

"Mitatu," akasema. "Mama alinipea ikiwa na miwili. Na yeye aliiloweka usiku kucha, kama mbaazi."

Akacheka. Halafu akageukia dirisha, na hakugeuka tena haraka.

Nilichojifunza ni kuuliza "muda gani?" Ni maneno mawili, na hayapunguzi cheti chako. Juzi mzizi wa nne umetoka, ncha ya kijani, unaning'inia nje ya pot. Sijauzika.

Wenye orchid, semeni mnatumia maganda ya mti gani. Na kama uliwahi kuloweka kisicholowekwa, jiandikishe hapa chini. Chama kina wanachama wawili tu, na mmoja alishatangulia mbele za haki.