Kikohozi Kabla ya Adhana

Kosa linalosimuliwa hapa ni uvivu uliovishwa kanzu ya ibada. Nalitaja mapema ili msomaji asidhani nazungumzia majini, maana mtaani kwetu, Mji Mkongwe, majini yalikwishaanza kutajwa.

Muadhini wa msikiti wetu mdogo alifariki baada ya kuugua kifua. Alikuwa akiadhini tangu mimi sijabaleghe, na nyumba yake ilitazamana na msikiti, uchochoro tu katikati. Alikuwa na ada moja: kabla ya takbira ya kwanza hukohoa, kikohozi kifupi cha kusafisha koo, na kipaza sauti hukifikisha hadi madukani. Alipoanza kudhoofika, fundi simu mwenye kibanda pembeni mwa msikiti alimrekodi, ili siku za homa adhana isikosekane. Alipokufa, hakuna aliyeuliza nani ataadhini. Rekodi ilikuwapo. Fundi aliiunganisha na mashine inayojua nyakati za sala, na adhuhuri ya siku iliyofuata maziko marehemu alikohoa, akatuita.

Tuliipokea kama rehema. Kamati ya msikiti, ambayo nami ni mjumbe wake, ilisema kwamba hiyo ni sadaka yenye kuendelea, na kwamba mzee angali anachuma thawabu akiwa kaburini. Nilikumbusha kwamba wanazuoni wengi hawaikubali adhana ya kinasa sauti badala ya adhana ya mtu, nikajibiwa kwa heshima kwamba vitabu vyangu vimezeeka. Ukweli ni kwamba kila mmoja wetu alishusha pumzi. Vijana wa mahoteli wana zamu, wenye maduka wana wateja, na sote tumezoea simu ituamshe, ituhesabie tasbihi, itukumbushe hata kumjulia hali mama. Mashine haipitiwi na usingizi, tuliambiana. Hata leo naiona hiyo kuwa hoja ya mtu aliyechoka na Mola wake.

Kisha mlango ukaanza kufunguka. Ulikuwa mlango wa marehemu. Mjane wake alikuwa ndani akikaa eda, hatoki wala hatazamwi na mwanamume asiye maharimu wake. Lakini kila adhana ilipokaribia kwisha, ubawa mmoja wa mlango ule ulirudi ndani taratibu, kiasi cha kupita mtu, na nyuma yake giza tupu. Baadaye ulifungwa tena. Barazani mmoja alisema mzee anarudi kunywa chai yake. Mwenzake akamwambia basi amgongee apate na yeye kikombe. Kicheko kilikuwa kifupi, na baada ya hapo niliona watu wazima, wasomi wa watu, wakizunguka kichochoro cha nyuma ili wasipite pale.

Aliyeingia ni mke wangu, kwani kwa kizuka, mjane aliye edani, huingia wanawake tu. Alimkuta bibi amekaa kidato cha chini cha ngazi, mkono juu ya komeo. Katika ndoa yao yote, mke wangu alinieleza, marehemu hakuwahi kubisha mlango wake mwenyewe. Alikuwa akifika hukohoa, na mkewe hushuka kumfungulia.

"Nnamsikia kakohoa," bibi alimwambia. "Nimwache nje?"

Alijua kwamba mumewe amezikwa. Alijua pia kwamba kwa kuufungua mlango anaichezea eda yake, na jambo hilo lilikuwa likimliza. Lakini mwili wake ulikuwa ukiinuka kabla ya akili yake. Ngazi zile zina wima wa kutisha, na tayari alikuwa ameteleza mara moja, goti limevimba. Mke wangu alisema tukiendelea hivi tutamzika na yeye.

Kamati ilikutana. Hakuna aliyesema tutafute mtu. Dawa ya mashine tuliitafuta ndani ya mashine: fundi simu alikikata kikohozi. Ilikuwa kazi ya muda mdogo tu, na takbira ikaja safi. Mlango haukufunguka. Tulipeana mikono.

Siku chache baadaye mke wangu alirudi na sahani ya chakula kama alivyoipeleka. Bibi alikuwa hashuki tena. Alikuwa amehamia dirishani, nyuma ya pazia, hali wala halali. Sasa mumewe alikuwa anaadhini, lakini harudi nyumbani.

"Kanikasirikia," alisema. "Nimemkosea nini mimi?"

Maneno hayo niliyafikisha barazani baada ya sala ya magharibi. Mjumbe mmoja alisema eda itakwisha, bibi atakwenda kwa nduguze Makunduchi na asahau. Mwengine alianza kueleza zamu zake. Mimi mwenyewe nilikuwa natafuta namna ya kukitaja kifua changu kibovu. Fundi simu, ambaye hakuna aliyeipenda mashine ile kumshinda, aliinuka, akaingia msikitini, akatoka na nyaya zake mkononi, akaenda zake.

Alfajiri ilikuja sauti nisiyoijua. Ilikwaruza, ikapanda pahala pa kushuka, ikakatika pumzi katikati ya wito wa sala, ikaanza upya. Kwetu sauti ya muadhini huchaguliwa kama mchumba. Hii asingeiposa mtu.

Mke wangu alikuwa amelala kwa bibi.

"Nani huyo?" bibi aliuliza.

Akaambiwa ni fundi simu.

"Sauti yake mbaya."

Kisha alisikiliza hadi mwisho, akiitikia kila neno kwa chini kama inavyopasa, jambo ambalo hakulifanya tangu siku ya maziko. Adhana ilipomalizika aliliacha pazia likaanguka.

"Basi mume wangu kafa," alisema. Akalia mpaka jua likachomoza, halafu akaomba uji.

Eda ilikwisha, na bibi angali katika nyumba ile. Kibanda hufungwa kila sala na wateja hunung'unika. Kama rekodi ilifutwa sijui, sijathubutu kuuliza. Najua tu kwamba kila alfajiri, katika kimya kile kabla ya takbira, masikio yangu hungoja kikohozi, na wakati mwengine nahisi uchochoro mzima unangoja nami. Hakiji. Inakuja pumzi ya mtu aliyeamka kwa tabu, kisha sauti mbovu ya fundi simu.