Lebo ya Mkononi

Mama alinikataza katakata kutoa lebo iliyoshonwa kwenye mkono wa koti la suti yangu. "Ukiitoa, watajuaje ni mpya?"

Basi nikatoka Kangemi na lebo yangu hadi mjini, kwenye mahojiano ya kazi katika ofisi ya watu wa kompyuta. Nikawakuta wote wamevaa fulana na kandambili! Nilichemka. Yaani nimejinyonga na tai asubuhi yote kwa ajili ya hawa?

Tulipomaliza, mkubwa wao, mwanamke mcheshi, akachukua makasi akaikata ile lebo taratibu. "Kazi umepata. Jumatatu njoo na jinzi."

Nikamkimbilia Mama na habari njema. Akaukagua mkono wa koti kwanza.

"Na kanisani Jumapili watajuaje ni mpya?"